Mtoto anapobanwa na makohozi kifuani

Njia za hewa za mtoto mdogo ni nyembamba, na kutema makohozi hajui. Ndiyo maana mafua kidogo tu humfanya akorome. Kinachosaidia zaidi ni majimaji: kunyonya mara kwa mara kwa aliye chini ya miezi 6, supu au maji ya uvuguvugu kwa mkubwa. Matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa huzibua pua kabla ya kunyonya. Asali hutuliza kikohozi, lakini asipewe aliye chini ya mwaka 1. Kumfukiza kwa sufuria ya maji moto, desturi ya nyumba nyingi, huunguza watoto bure. Kifua kikibonyea anapovuta pumzi, au mwenye miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, apelekwe hospitali mara moja.