Jina likiachwa nje ya orodha

Hapa Sumbawanga wengi tunalijua hili. Jina lako linapendekezwa kwenye jumuiya, kwenye kamati ya shule au kazini. Majirani wanaanza kukupongeza. Siku ya kutangazwa linasomwa la mwingine, na njia ya kurudi nyumbani inakuwa ndefu.

Mwaka 2019 Tume ya Utumishi wa Mahakama ya Kenya ilipendekeza watu 41 wawe majaji. Rais Uhuru Kenyatta alikataa kuwateua, akisema baadhi yao wana dosari za uadilifu. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ikaamua kuwa Katiba haimpi nafasi ya kukataa, lakini bado hawakuapishwa. Mmoja wao akafariki dunia akisubiri.

Juni 2021 Rais aliwateua 34. Sita wakaachwa. George Odunga, Aggrey Muchelule, Joel Ngugi na Weldon Korir walikuwa majaji wa Mahakama Kuu waliopendekezwa kwenda Mahakama ya Rufani. Evans Makori na Judith Omange walipendekezwa kuwa majaji wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Fikiri uchungu wa jina lako kutiwa doa mbele ya taifa zima. Hata hivyo, wale wanne waliendelea kusikiliza kesi za wananchi katika viti vyao vya zamani. Mjane anayedai shamba lake hawezi kusubiri hadi jaji apandishwe cheo.

Septemba 2022 Rais mpya, William Ruto, aliwateua wote sita, wakaapishwa.

Tungependa kuishia hapo, tuseme mvumilivu hula mbivu. Lakini yule aliyefariki hakuiona siku hiyo. Tukimwahidi kila aliyeachwa kwamba cheo chake kipo njiani, tutakuwa tumemdanganya.

Soma Matendo ya Mitume, sura ya kwanza. Kutafuta wa kushika nafasi ya Yuda, waamini walisimamisha wawili: Mathiya, na Yusufu Barsaba aliyeitwa Yusto, yaani mwenye haki. Wote wawili walikuwa wamefuatana na Yesu tangu ubatizo wa Yohane. Kura ikamwangukia Mathiya. Baada ya hapo kitabu hicho hakimtaji tena Barsaba. Lakini kura haikufuta miaka yake ya kumfuata Bwana, wala haikumvua jina la mwenye haki.

Aliyekunyima nafasi kwa hila atatoa hesabu, na kudai haki yako kwa njia halali si dhambi. Lakini Jumatatu ikifika, yupo mtu anayekungoja: mwanafunzi, mgonjwa, mteja, mtoto wako. Mhudumie kama vile ungemhudumia ukiwa na cheo. Kazi hiyo hakuna orodha inayoweza kukunyima.

Na kama jirani yako ndiye aliyeachwa wiki hii, mpitie leo baada ya ibada. Usimpelekee maelezo. Kaa naye.

Jumapili njema.