Mvua Ile Ile Humwita Malkia na Trekta

Kiangazi kinapokausha nyasi za Gilgil, njia za chungu wavunaji hujitokeza: vijia vyembamba visivyo na unyasi hata mmoja, vyote vikielekea kwenye tundu moja ardhini. Chungu hupita kwa mstari, kila mmoja ameuma punje ya mbegu, na wengine mzigo umewazidi kimo. Kando ya tundu yamelundikana makapi, utadhani ni kiwanja cha kupuria ngano.

Chungu hawa, Messor cephalotes kwa jina la kisayansi, walitajwa dunia nzima Aprili 2025, vijana wawili raia wa Ubelgiji walipokamatwa Naivasha wakiwa na malkia wapatao 5,000 ndani ya mirija yenye pamba, tayari kuuzwa ng'ambo. Mei 7, mahakama jijini Nairobi iliwatoza faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja au kifungo cha miezi 12.

Haki ilitendeka. Lakini malkia ana hatari nyingine, nayo iko shambani mwetu.

Malkia huruka msimu mmoja tu maishani. Mvua ya masika ikilainisha udongo, hutoka na mabawa yake na kukutana na dume. Kisha huyaangusha mabawa, huchimba shimo na kujifungia humo peke yake hadi watoto wa kwanza wakomae. Kiota kizima, kitakachodumu miaka mingi, kinamtegemea yeye.

Mvua hiyo hiyo ndiyo inayoita trekta. Njoro, Rongai hata Gilgil, diski hupindua udongo majira yale yale. Kiota kikongwe chenye vyumba vya kina huenda kikastahimili. Malkia mchanga hana pa kukimbilia. Dawa ya kuua viwavi nayo haichagui mdudu. Hata dawa ya magugu humnyima chungu mbegu anazoishi kwazo.

Mkulima atasema chungu humwibia mbegu alizopanda. Ni kweli, wakati mwingine huzibeba. Lakini hubeba za magugu pia, na vijishimo vyake hupitisha maji na hewa hadi kwenye mizizi.

Nchini Uhispania, watafiti huwatazama chungu wa mashamba ya mizeituni ili kupima afya ya shamba, kwa kuwa jinsi udongo na magugu yanavyotunzwa kati ya miti hubadilisha aina za chungu wanaoishi hapo. Mzeituni huo una ndugu yake hapa kwetu: mtamaiyo, ambao tumeukata mno kwa ajili ya makaa.

Basi tuanzie mpakani. Masika yajayo, diski isifike hadi kwenye ua. Tuache ukanda wa nyasi chini ya mitamaiyo iliyobaki, usiolimwa wala kupigwa dawa. Malkia akitua hapo na kuangusha mabawa, atapata udongo ambao hakuna atakayeupindua.