Tukifa, nani atamulimia?

Mwezi wa tisa, tulipokuwa tunaandika majina ya wanamemba kwa mbegu za mupunga za musimu A, mama mmoja wa hapa Luvungi alibaki kwenye benchi hata watu wote walipoondoka. Hakuwa na ulizo juu ya mbegu. Aliniambia: « Agronome, niko na kijana wa miaka makumi mbili na mbili. Hasemi, na mambo ya hesabu hajue. Nikimupa jembe analima muzuri, lakini mpaka nisimame pembeni. Siku ntakufa, shamba itabaki ya nani? »

Mimi nilifundishwa nafasi ya kuacha kati ya shina na shina. Hilo ulizo sikufundishwa. Ilibidi niende kuuliza watu wa sheria, watu wa etasivili na wazee wawili wanaojua desturi za bonde. Ninaandika niliyoyapata juu najua mama yule si peke yake. Ukipita nyumba kwa nyumba kutoka Kamanyola mpaka Sange utakuta mutoto mwenye kifafa, kijana aliyekatwa muguu na risasi, dada asiyesikia, mutoto aliyezaliwa na akili nzito. Katika mikutano yetu hatuwataji. Tunasema tu: « Kaka zake wako. »

Kaka zake wako, ni kweli, na wengi ni watu wazuri. Lakini kaka naye ana bibi, ana minervale ya watoto, ana deni la mbolea. Mwaka mvua ikikosa, shamba la kwanza kuuzwa ni lile la mutu asiyeweza kusema hapana. Kaka anaweza kulifanya bila kuwa muchawi wala mwizi. Ni njaa tu, na karatasi haikuwepo.

Vilema vyote si kimoja

Hapa ndipo tunakosea sana, kwa hiyo nitakaa kidogo. Tunapowaza mulemavu tunamuona kama mutoto wa milele, tunamutafutia mutu wa kumusemea. Kumbe sheria haisemi hivyo. Mutu akifika miaka 18 ni mukubwa. Asiyetembea, asiyeona, asiyesikia, mwenye mukono mmoja, wote hao wanaweza kununua shamba, kuweka sahihi ao kidole, kuingia koperative, kudai haki kwa tribinali, wao wenyewe. Hata konzo, ule ugonjwa wa muhogo muchungu usiolowekwa vizuri, ambao ndugu zetu wa Burhinyi waliujua, unafunga miguu. Akili inabaki nzima. Mutu wa namna hiyo hahitaji mulinzi. Anahitaji mutu wa kumusukumia kinga mpaka kwenye ofisi, na makaratasi yaandikwe kwa jina lake.

Kuna sheria ya tarehe 3 Mei 2022, namba 22/003, inayolinda watu wenye kuishi na ulemavu katika Kongo nzima. Kabla yake kulikuwa tayari kifungu cha 49 cha Katiba ya 2006. Kwa hiyo mwenyekiti wa koperative akikataa kumuandika kiziwi kwa kusema « atapiga kura namna gani? », anayekosea ni mwenyekiti. Kiziwi ananyoosha mukono kama sisi wote.

Namna ya pili ni mutu ambaye akili yake haiwezi kushika mambo ya mali, kama kijana wa yule mama. Kwa huyo Kodi ya Familia inaweka njia mbili. Kama hawezi kabisa kujiongoza, familia inaweza kuomba tribinali imuweke chini ya mulinzi anayeitwa tutere, ambaye anafanya mambo ya mali kwa jina lake. Kama anaweza nusu, anaelewa lakini anadanganyika haraka, anapewa kuratere: anafanya mambo yake mwenyewe, lakini yale makubwa anafanya wakiwa wawili. Hakuna anayekuwa tutere wa mukubwa kwa sababu tu yeye ni kaka ao ni baba mudogo. Ni tribinali inayosema. Na tribinali itataka karatasi ya munganga; kwa magonjwa ya akili watu wetu wanapandaga Bukavu, kwa SOSAME.

Ninatoa maoni yangu: usikimbilie kumuweka mutu chini ya tutere ikiwa anaweza kufanya hata kidogo. Mwenye kifafa, kwa mufano, akili yake ni nzima kati ya siku za kuanguka. Huyo usimutume peke yake kufungua maji kwenye kanale wala kuchoma tofali. Lakini shamba lake ni lake na atalisemea yeye.

Fungu lake liko wapi

Kodi ya Familia ni ya tarehe 1 Agosti 1987, ikarekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Inasema kwamba mutu akifa, watoto wake wanachukua robo tatu ya mali, na wanagawana sawasawa. Mwanamuke na mwanaume sawa. Mulemavu na muzima sawa. Aliyezaliwa inje ya ndoa pia, kama baba alimutambua angali hai. Robo inayobaki inaenda kwa kundi la pili, ambamo tunakuta mujane, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Kwa hiyo baba mudogo anayekuja siku ya tatu ya kilio na kusema udongo unarudi kwa ukoo, sheria inamupa sehemu ndani ya robo tu, si robo nzima wala si shamba lote.

Lakini ili mutoto ahesabiwe, lazima aonekane kwenye kitabu. Watoto wengi wenye kilema hawakuandikishwa, juu wazazi walikuwa na haya ao waliwaza hataishi. Kuandikisha kizazi ni bure ndani ya siku 90. Siku hizo zikipita, ni hukumu ya tribinali inayoshika nafasi ya tangazo, na hapo kuna mwendo na kuna mufuko. Kama mutoto wako yuko katika hali hiyo, anzia hapo kabla ya jambo lingine lolote.

Testamenti nayo si jambo la matajiri. Kuna namna tatu. Ya kwanza unaifanya mbele ya notere ao mbele ya mukubwa wa etasivili wa pale unapokaa. Hiyo ndiyo ninashauri kwa asiyejua kuandika. Ya pili unaiandika wewe mwenyewe kwa mukono wako tangu mwanzo mpaka mwisho, unaweka tarehe na sahihi. Angalia vizuri: ile inayopigwa kwa mashini kwenye sekretaria pale barabarani, halafu wewe unaweka sahihi tu, si testamenti ya namna hii. Ya tatu ni ya mudomo, kwa anayejiona karibu ya kufa, mbele ya washahidi wawili wakubwa, tena kwa mambo machache. Usiitegemee.

Testamenti haiwezi kuvunja ile robo tatu ya watoto. Inaweza kusema shamba gani ni la nani, nani ataangalia mutoto, nani atasimamia ugawaji. Hiyo ya mwisho ina uzito, kwani bila testamenti, kazi ya kusimamia ugawaji inaangukia murithi mukubwa kuliko wote, ama yule warithi wanayemuchagua. Kama mukubwa wako ndiye anayependa pombe, umeelewa.

Jambo moja tena juu ya udongo. Karatasi ya chefu ina heshima yake na ni afazali kuwa nayo kuliko kukosa, lakini tangu sheria ya 1973 hati yenye nguvu kabisa ni sertifika inayotolewa na ofisi ya mambo ya udongo. Wengi wetu hatutaifikia, ni bei. Basi angalau karatasi ya chefu itaje mipaka, majirani wa pande nne na vipimo, wale majirani waweke sahihi, na mwana mulemavu atajwe kwa jina.

Karatasi hailishwi

Tuseme yote yameandikwa. Kijana wa yule mama ana ares 40 za mupunga kwa jina lake. Na kisha? Nani atapanda?

Dawa niliyoona inafanya kazi ni mapatano ya kugawana mavuno, yaliyoandikwa, pamoja na ndugu ao jirani anayelima. Hesabu iko hivi. Ares 40 zikitoa kilo 1.200 za mupunga, na mapatano yakiwa sehemu moja kwa tatu, kijana anapata kilo 400. Mashini ya kijiji ikitoa karibu kilo 60 za muchele kwa kilo 100 za mupunga, ni kilo 240. Mutu mmoja hamalizi hiyo kwa musimu mumoja. Nusu inauzwa kwa sabuni, nguo na dawa. Anayelima anabaki na kilo 800 za mupunga kwa mbegu, mbolea na jasho lake. Mukilipunguza fungu la mulimaji sana ataacha shamba liote majani. Mapatano mazuri ni yale ambayo mulimaji anaogopa kuyapoteza.

Na hapa kuna kitu ambacho sheria haikuniambia, ni mzee mmoja aliyeniambia: « Mwenye kumupikia asiwe njo mwenye kuhesabu mifuko. » Mupishi awe dada, muhesabu awe mutu mwingine, kwa mufano mushahidi wa kanisa ao sekretere wa koperative, na siku ya kupima wawe wote wawili. Hata watu waaminifu wanahitaji kuangaliwa.

Pembeni ya mupunga, panda kitu kisichohitaji nguvu kila wiki. Mugazi unaanza kuzaa ndani ya miaka 3 ao 4 na unaweza kuendelea zaidi ya miaka 20. Ukipanda kwa nafasi ya metre 9, ares 20 zinaingia miti kama 28. Miaka mitatu ya kwanza unaweza kulima maharagi na karanga katikati, kisha kivuli kinafunga. Mzazi wa miaka 50 akipanda leo, mutoto atakuwa bado anakata ngazi mzazi akiwa udongoni. Lakini panda kwenye shamba lako, kamwe si kwenye shamba la kukodi: katika bonde hili muti ni mushahidi wa umiliki, na ukipanda kwa mwenyewe unanunua kesi. Kwa sababu hiyohiyo, miti kwenye mipaka ya shamba la mutoto inalinda shamba lenyewe.

Mbuzi nazo ni banki nzuri kama ziko kwenye nyumba mbili tatu, si moja. Pesa za AVEC ao likirimba zinasaidia, ila kasha linavunjwa kila mwaka. Zigeuze haraka kuwa mbuzi ao miti, zisikae mufukoni. Pesa za kwenye simu zinakufa na namba yako ya siri. Mutu mmoja unayemuamini ajue kama zipo.

Na koperative yetu?

Fungu lako la mutaji ni la jina lako, kufuatana na sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010 na ambayo Kongo inaifuata tangu 2012. Kinachofanyika ukifa kinategemea sana statuti. Someni zenu. Nimesoma za koperative moja ya bonde: hakuna hata mustari mumoja juu ya murithi asiyeweza kujisimamia, na fungu la marehemu lilikaa miaka bila mutu kulidai, mpaka kamati ikalisahau. Mukutano mukuu unaweza kuongeza kifungu kinachosema nani anapokea kwa niaba yake, mbele ya nani, na kila mwaka nani anatoa hesabu. Pia anzisheni daftari ya warithi: jina la mwanamemba, majina ya watoto wote, alama kwa yule anayehitaji musaada. Daftari hiyo haishindi testamenti wala Kodi, lakini siku ya matanga inanyamazisha makelele mengi.

Mama yule ameanza na etasivili, kwani kijana hakuwa ameandikwa popote. Bibi ao bwana, wote wawili muende pamoja. Tangu 2016 mwanamuke hahitaji tena ruhusa ya bwana ili kufanya jambo la sheria, na yeye njo mara nyingi anayejua mutoto anakula nini na anaogopa nini.

Siku ya kugawa mbegu za musimu B nitakuja saa moja mbele ya wengine, pamoja na sekretere. Mwenye mutoto wa namna hii alete kaye, karatasi ya shamba aliyo nayo, na kama inawezekana mutoto mwenyewe.