MCHEZA KWAO HATUNZWI
Kwa nini mastaa wa hoki ya barafu wanaikwepa Kanada, nyumbani kwa mchezo wenyewe?

WAHENGA walisema mcheza kwao hutunzwa. Wahenga hao hawakuwahi kukaa golini mjini Montreal.

Desemba 2, 1995, siku ya Jumamosi, kipa Patrick Roy wa Montreal Canadiens alikuwa akiwakabili Detroit. Huyu ni mtoto wa nyumbani kabisa, mzaliwa wa jimbo hilo hilo la Quebec. Miaka miwili tu nyuma, 1993, alikuwa amewapa Kombe la Stanley, kombe kubwa kuliko yote katika mchezo huo. Lakini siku hiyo mkosi ulimvaa. Mabao yakaingia moja baada ya jingine, na kocha wake, Mario Tremblay, akamwacha pale pale. Alipodaka shuti moja la kitoto, uwanja mzima ukamshangilia kwa kejeli. Roy naye akainua mikono juu, kama anayesema asanteni sana.

Alipotolewa alikuwa ameshafungwa mabao 9, na mechi ikaisha 11-1. Akampita kocha kama hamuoni, akaenda moja kwa moja kwa rais wa klabu, Ronald Corey, aliyekuwa amekaa nyuma ya benchi, akamwambia kwamba amecheza mechi yake ya mwisho Montreal.

Hakuwa anatania. Siku nne baadaye aliuzwa Colorado, Marekani. Juni 1996 alikuwa amelibeba tena Kombe la Stanley, safari hii akiwa na jezi ya watu wengine.

Kisa cha Roy kina miaka mingi sasa, lakini ukikielewa umeelewa kasheshe yote. Kanada ndiko mchezo huu unakopendwa kuliko popote duniani. Mwaka 1994 bunge lao lilipitisha kabisa sheria kuutambua kuwa mchezo wa taifa wa majira ya baridi. Sasa inakuwaje wachezaji, wengine wao Wakanada, wakisikia wanapelekwa timu ya Kanada wanatafuta mlango wa kutokea?

KWANZA TUELEWANE

Hoki ya barafu ni magongo yanayochezwa juu ya barafu, wachezaji wakiteleza kwa viatu vya vyuma na kugombea kisahani kigumu cheusi badala ya mpira. Usidhani ni mambo ya Wazungu peke yao. Nairobi kuna kikosi kinaitwa Ice Lions, kilichojifunzia kwenye kiwanja kidogo cha barafu cha hoteli ya Panari, na mwaka 2018 vijana hao walialikwa hadi Toronto wakacheza na mastaa wakubwa.

Ligi yenyewe, NHL, ina timu 32. Kati ya hizo 25 ziko Marekani na 7 tu ndizo za Kanada: Montreal, Toronto, Ottawa, Winnipeg, Calgary, Edmonton na Vancouver.

Wewe mpenzi wa soka umezoea kwamba mchezaji hahamishwi mpaka naye akubali dau. Kule sivyo. Timu mbili zinaweza kubadilishana wachezaji kama watu wanavyobadilishana kanda, na mwenye mwili wake akapigiwa simu dili likiwa limekwisha. Jana ulikuwa ukiota jua Florida, leo unaambiwa ufungashe mizigo, na keshokutwa unavaa koti zito.

Kinga ni moja tu, kipengele cha mkataba kinachomruhusu mchezaji kukataa kuhamishwa. Kwa kawaida hukipati mpaka utimize miaka 27 au uwe umecheza misimu 7. Wengine hupewa haki nusu: wanaandika orodha ya timu wasizotaka hata kuzisikia. Na kwenye orodha hizo miji ya Kanada haikosi, Winnipeg na Edmonton zikitajwa sana.

ALIYEGOMA KUVAA JEZI

Kigogo mmoja aliyewatolea nje waziwazi alikuwa Eric Lindros. Mwaka 1991 alikuwa kijana wa miaka 18, pande la mtu, akisifiwa kuwa chipukizi bora wa kizazi chake. NHL chipukizi hachagui timu, timu ndiyo inayomchagua, na waliofanya vibaya hupewa nafasi ya mbele. Zamu ya kwanza ikaangukia Quebec Nordiques.

Lindros, Mkanada mzaliwa wa Ontario, alipopewa jezi ya Quebec hakuivaa. Akasema hachezi kwao, na kweli akakaa nje ya NHL msimu mzima. Mwaka 1992 Quebec wakasalimu amri, wakamtoa kwenda Philadelphia. Kwa kijana huyo mmoja walipokea kundi zima la wachezaji, akiwemo Msweden Peter Forsberg, pamoja na dola milioni 15.

Sasa cheka kidogo. Mwaka 1995 Quebec walishindwa gharama, timu ikauzwa na kuhamia Denver, ikawa Colorado Avalanche. Ndiyo hiyo hiyo aliyokwenda Roy miezi michache baadaye. Mwaka 1996 kombe likabebwa na Roy aliyekimbia Montreal pamoja na Forsberg aliyelipwa kama fidia ya Lindros. Watu wa Quebec wakaishia kutazama kwenye televisheni. Lindros mwenyewe alistaafu bila kulishika kombe hilo.

MSHIKO UNAVYOKATWA

Ukiwauliza washikaji wa kijiweni watakwambia ni baridi. Baridi ipo, tutaifikia. Kwanza tuzungumze pesa.

Tangu 2005 ligi imeweka kikomo cha mishahara, na timu zote zinabanwa na kiasi kile kile. Kwa msimu wa 2025/26 ilikuwa dola milioni 95.5 kwa timu nzima. Tajiri wa Toronto hawezi kumwaga noti kumzidi tajiri wa Tampa. Kwa hiyo swali si unalipwa ngapi, swali ni unabaki na ngapi.

Hapo ndipo Kanada inapoumia. Mwenye kipato kikubwa Toronto au Montreal hukatwa kodi inayozidi dola 53 katika kila 100 za juu. Alberta, zilipo Calgary na Edmonton, ni 48. Marekani serikali kuu inachukua 37 na makato madogo juu yake, kisha kila jimbo linaongeza la kwake. Lakini Florida, Texas, Nevada, Tennessee na Washington hayatozi kodi ya mshahara kabisa.

Si hesabu rahisi kihivyo, maana mchezaji hukatwa pia katika miji anayokwenda kucheza ugenini, na wahasibu wana mbinu zao za kupunguza maumivu. Hata hivyo, kwa makadirio ya haraka, wachezaji wawili wenye mshahara wa dola milioni 10, mmoja Toronto na mwingine Florida, wanaweza kupishana milioni moja hivi kwa mwaka. Milioni ya dola, msomaji, si ya shilingi.

Sasa angalia mabingwa. Tampa Bay 2020 na 2021, Colorado 2022, Vegas 2023, Florida 2024 na 2025. Katika makombe hayo sita, matano yamekwenda kwenye majimbo yasiyotoza kodi hiyo. Si kodi peke yake iliyofunga mabao, lakini timu inayoweza kumbakiza staa kwa mshahara mdogo kidogo, huku naye akirudi nyumbani na mfuko mnono, ina nafasi ya kumwongeza mwingine.

BARIDI, MAMA WATOTO NA UKWE

Winnipeg mwezi wa Januari kipimajoto kinaweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Mchezaji mwenyewe kutwa yuko uwanjani au angani. Anayebaki na giza la saa kumi na moja jioni ni mkewe na watoto.

Mwaka 2006 beki Chris Pronger aliifikisha Edmonton fainali, akiwa na mkataba wa miaka mitano na msimu mmoja tu mguuni. Walipofungwa, mara tu akaomba kuondoka kwa sababu za kifamilia. Mji mzima ulichukia. Akaenda Anaheim, California, na mwaka uliofuata akachukua kombe kwa kuwafunga Ottawa, Wakanada wengine.

Mwaka 2009 Dany Heatley alitaka kutoka Ottawa. Wakampatia dili la kwenda Edmonton. Akatoa kipengele chake mfukoni, akakataa, akasubiri mpaka alipopata San Jose.

Lakini usidhani kila anayekimbia anafuata jua. Mwaka 2022 marehemu Johnny Gaudreau aliondoka Calgary ingawa ilielezwa kuwa walikuwa tayari kumlipa zaidi. Alikwenda Columbus, Ohio, kwenye theluji na kodi kama kawaida. Alichofuata ni kuwa karibu na ndugu zake wa New Jersey. Zamani karibu wachezaji wote wa NHL walikuwa Wakanada, kwa hiyo kucheza Kanada kulikuwa kurudi kwenu. Siku hizi hawafiki hata nusu. Kwa Mmarekani au Msweden, Calgary ni ugenini tu, tena ugenini wa mbali.

Siku chache baadaye mwenzake Gaudreau, Matthew Tkachuk, naye akawaambia Calgary hatasaini mkataba mrefu. Wakamtuma Florida, wakapewa Jonathan Huberdeau na wengine. Tkachuk akachukua makombe mawili, 2024 na 2025, yote kwa kuwafunga Edmonton. Huberdeau, aliyekuwa ametoka kupata pointi 115 kwa msimu akiwa Florida, alipata 55 msimu wake wa kwanza Calgary. Walimpa mkataba wa dola milioni 84 kwa miaka minane, lakini pesa hazikuweza kumrudishia miguu yake.

PENZI LINALOKABA KOO

Tukisema ukweli, kodi na baridi wachezaji wanavimudu. Kinachowachosha ni macho ya watu.

Tampa staa wa hoki anaingia dukani kununua maziwa na hakuna anayegeuka. Toronto hawezi hata kula kwa amani. Mwaka 2015 mshambuliaji Phil Kessel, mtu mkimya asiyependa maikrofoni, aliuzwa kutoka Toronto kwenda Pittsburgh. Gazeti moja likamsindikiza na habari kwamba kila siku alikuwa akinunua hotdogi kwa muuzaji yule yule wa mtaani. Habari yenyewe ilipingwa, lakini ilishasambaa. Kessel hakujibu. Alibeba kombe 2016, akarudia 2017, halafu akapiga picha akiwa amelijaza hotdogi. Hayo ndiyo majibu.

Timu ikivurunda, mashabiki Kanada huvua jezi walizonunua wenyewe na kuzitupa kwenye barafu. Mwaka 2011 Vancouver walipopoteza mechi ya saba ya fainali mbele ya Boston, watu waliingia mtaani, wakachoma magari na kuvunja maduka. Ukiwa mchezaji na umeona hivyo, ukipewa kalamu uandike orodha ya timu usizotaka, utaandika nini?

Kadiri wanavyokwepwa, ndivyo wanavyokaa bila kombe, na kadiri wanavyokaa bila kombe, ndivyo presha inavyopanda. Toka Roy awape Montreal kombe lile la 1993, hadi kufikia fainali ya 2025 hakuna timu ya Kanada iliyolichukua tena. Wamefika fainali mara nane katika kipindi hicho, wamefungwa zote nane. Toronto wao hawajalitia mkononi tangu 1967. Babu alisubiri, baba akasubiri, na sasa kijana anayesubiri ndiye anayetupa jezi.

WAPO WANAOKUBALI

Tusiwaonee. Mwaka 2018 John Tavares, mtoto wa Ontario, alikuwa huru kwenda popote akachagua Toronto, kwa miaka saba na dola milioni 77. Oktoba 2025 Connor McDavid, ambaye wengi wanamhesabu kuwa bora wa zama hizi, aliongeza miaka miwili Edmonton kwa dola milioni 12.5 kwa mwaka, kiasi kile kile alichokuwa akipata, ili pesa nyingine isajili wenzake. Jamaa hakukimbia. Lakini ona, alisaini miwili tu wakati angeweza kupewa minane. Penzi lipo, ila kaacha mlango wazi.

Na Marekani nako kuna kwa kukwepa. Buffalo kuna theluji ya kufunika gari, na timu ilikosa hatua ya mtoano misimu 14 mfululizo hadi 2025. Kwa hiyo si bendera wanayoikimbia. Wanakimbia makato, umbali na makelele, na Kanada bahati mbaya ina vyote vitatu kwa mpigo.

Ukienda kwenye taarabu utaona jinsi kutunza kunavyofanywa. Mama anainuka, anacheza mpaka jukwaani, anampa mwimbaji noti yake, kisha anarudi kitini, na mwimbaji anaendelea kuimba. Mashabiki wa Kanada wanatunza kuliko wote: viwanja vinajaa, jezi zinanunuliwa, redio hazilali. Tatizo ni kwamba wakishatunza hawarudi kukaa. Wanabaki jukwaani wakimwelekeza mwimbaji jinsi ya kuimba, na akikosea ubeti mmoja wanataka noti yao.

Roy aliona hayo mapema, akashuka jukwaani mwenyewe. Wengi wa waliomfuata wanamaliza kazi kimyakimya, kwa kalamu na orodha.