Sura ya 7: Giza la Pembeni

Tandika kanga sakafuni, panda juu ya kiti, piga picha. Kwenye kioo kidogo cha kamera utaridhika. Ifungue kwenye kompyuta: mji unang'aa, jina linasomeka vizuri, lakini pindo, lililochapwa kwa weupe uleule kuizunguka kanga yote, linafifia kila linapokaribia kona. Nilipoanza kuzipiga picha kanga za marehemu bibi yangu, ili wajukuu wabaki na kumbukumbu, nilidhani kitambaa kimechujuka. Nikaigeuza kanga, kona ikaja katikati, na weupe wake ukarudi wote. Kanga ilikuwa nzima.

Wapigapicha huliita giza hilo vinyeti, kutoka neno la Kifaransa lililokuwa jina la mapambo ya majani ya mzabibu kwenye kurasa za vitabu. Lina vyanzo zaidi ya kimoja, na kila kimoja kina tabia yake.

Cha kwanza ni jiometri tupu. Mwanga unaokwenda kona ya kihisi husafiri kimshazari. Ukilitazama tundu la lenzi kutoka kwenye kona hiyo, si duara tena. Limebanwa kama yai, na linapitisha mwanga kidogo. Safari yenyewe ni ndefu zaidi, na mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Tena ukifika hautui wima, bali hujitandaza kama jua la saa kumi na moja jioni linavyojitandaza uwanjani. Hasara hizo hazijumlishwi, huzidishana. Kwa lenzi sahili, mwanga unaoingia kwa nyuzi 30 huifikia kona ukiwa asilimia 56 tu ya ule wa katikati. Kwa nyuzi 45, hubaki robo. Lenzi nyingi za kisasa za pembe pana zimeundwa kuunyoosha mwanga kabla haujafika kwenye kihisi, ndiyo maana hazipotezi kiasi chote hicho.

Tatizo hili lilijulikana kabla ya kompyuta. Lenzi ya Hypergon, iliyotolewa na kampuni ya Goerz ya Berlin mwaka 1900, ilitazama upana mkubwa kiasi kwamba katikati pangeungua kabla kona hazijashiba. Wakaiwekea mbele kigurudumu chenye umbo la nyota. Mpigapicha alibonyeza mpira, pumzi ikakizungusha, nacho kikaizuia sehemu ya kati zaidi ya pembeni. Mimi naustahi sana ufundi huo: walilisawazisha giza kabla picha haijapatikana.

Chanzo cha pili ni mwili wa lenzi. Fungua tundu lote, ielekeze lenzi dirishani, kisha iinamishe taratibu huku ukichungulia. Duara la mwanga litakatwa na kingo za lenzi mpaka lifanane na jicho la paka. Ukilibana tundu, tuseme kutoka f/2.8 hadi f/8, mkato huo hutoweka au hubaki kidogo sana. Kwa hiyo anza hapo, kabla ya programu yoyote. Kona iliyopata robo ya mwanga italazimika kuzidishwa mara nne, na chembechembe zake zitazidishwa pamoja nayo. Angalia pia kama hukubandika vichujio viwili kimoja juu ya kingine. Hivyo navyo hukata kona.

Giza linalobaki ndilo la kusahihisha, na hapa wengi hukosea kwa kuongeza mwangaza. Chukua pindo lenye nyeusi ya kiwango cha 6 na nyeupe ya 90. Kwenye kona iliyopoteza nusu ya mwanga, kamera itasoma 3 na 45. Ukijumlisha 45 kila mahali, nyeupe inafika 90 lakini nyeusi inakuwa 48, yaani kijivu. Ukizidisha kwa 2, unapata 6 na 90 kamili. Mwanga ulipotea kwa uwiano, basi urudishwe kwa uwiano. Hesabu hii ni ya kweli kwenye faili ghafi tu. JPEG imekwisha kupindishwa ili ipendeze machoni, na namba zake hazilingani tena na kiasi cha mwanga.

Utajuaje kila kona izidishwe kwa ngapi? Wanaastronomia hulipiga picha anga la mashariki jua likiisha kuzama, kisha hugawa picha za nyota kwa picha hiyo. Kwa kanga, tumia shuka jeupe lililopigwa pasi. Ondoa kanga, tandaza shuka palepale, usiguse taa, tundu wala fokasi, na usiache sehemu yoyote iungue. Piga picha kadhaa, zitafutie wastani, kisha uutie ukungu ili nyuzi za shuka zisihamie kwenye kanga. Gawa picha ya kanga kwa hiyo. Programu ya bure ya RawTherapee hufanya kazi hiyo yenyewe ukiionyesha faili ya weupe. Naipendelea njia hii kuliko vipimo vya lenzi vinavyokuja na programu, kwa kuwa shuka limeona pia taa yangu moja iliyokuwa dhaifu upande wa kushoto, jambo ambalo hakuna mtengenezaji wa lenzi angeweza kulijua.

Ukimaliza, pima. Piga kanga mara ya pili ukiwa umeisogeza ili kona yake ije katikati, isahihishe kwa picha ileile ya shuka, kisha soma weupe wa pindo kwenye picha zote mbili. Namba zikikaribiana, endelea na kanga inayofuata. Zikiachana, angalia kwanza kama tundu limebadilika. Kwangu mara nyingi limekuwa hilo.