Masafa Baina ya Tabora na Bujumbura

Mkaazi wa Ng'ambo, mjini Tabora, akitaka kujua Bujumbura iko mbali kiasi gani, atapewa majibu mawili, na yote mawili ni sahihi. Kwa hesabu ya ramani, kutoka kiwanja cha ndege cha Tabora hata cha Bujumbura ni takriban kilomita 435. Kwa hesabu ya msafiri, ambaye aghalabu humlazimu kwanza kurukia mashariki hata Dar es Salaam, kilomita 730, kisha kugeuka na kurudi maghribi kilomita 1,160 nyingine, masafa yake yazidi mara nne; na ukiupiga mstari wa safari ile ya pili utauona wakatiza baina ya Tabora na Nzega, karibu kabisa na mji aliotoka.

Marubani hupima masafa kwa maili za baharini, walizozirithi kwa manahodha, kila maili mita 1,852. Asili yake ni duara la dunia, lenye daraja 360, kila daraja dakika 60. Maili moja ni urefu wa dakika moja ya duara hilo. Tabora na Bujumbura, basi, hutenganishwa na maili 235, yaani pungufu ya daraja nne.

Ndege ya mapangaboi iendayo kilomita 600 kwa saa, ukihesabu na muda wa kupaa na kutua, ingemfikisha abiria kwa muda wa saa moja hivi. Na kwa kuwa saa za Burundi ziko nyuma ya zetu kwa saa moja kamili, angeondoka Tabora saa nne asubuhi akatua Bujumbura saa za huko zikionyesha saa nne vilevile. Tiketi huandikwa saa za kila mji, na asiyelijua hilo hukosea hesabu ya safari yake.

Wazee wetu wa misafara walipima njia kwa siku, kwa vituo vya maji na kwa hongo waliyotozwa na watemi. Wasafiri wa Kizungu, Burton na Speke, waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakaingia Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, na Ujiji hawakuiona hata Februari 1858. Tena njia ikifungwa, masafa yalibadilika ilhali ardhi ni ile ile: mwaka 1871, Mtemi Mirambo alipopigana na Waarabu wa Unyanyembe (nchi ya Tabora), msafiri mwingine wa Kizungu, Stanley, alilazimika kuizunguka nchi ya vita kwa kusini ili afike Ujiji. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, miezi ikageuka kuwa siku. Hata hivyo, wapagazi wa Kinyamwezi na treni, wote, walipotaka kwenda maghribi walielekea maghribi.

Mwenye kwenda huko kwa ndege leo huanza kwa kuipa mgongo nchi aiendeayo, na kwa maoni yangu hiyo ni dhara kubwa kwa mfanyabiashara, kwa mgonjwa, na kwa jamaa waliotawanyika pande zote mbili za mpaka. Nawasihi wenye dhamana ya usafiri wa anga katika nchi hizi mbili waijaribu njia ya Tabora na Bujumbura, hata kwa safari moja tu kila juma.