Unataka mfumo wa POS dukani? Ujaribu kwanza kwa sukari ya kupima

Kama una duka la vyakula mtaani, iwe ni Githurai, Kisauni au Kondele, huenda tayari umetembelewa na muuzaji wa mfumo wa POS. Anakuja na tableti, skana na printa ndogo ya risiti. Anachukua soda moja, skana inalia, bei inatokea, risiti inatoka. Safi kabisa.

Lakini soda ndiyo bidhaa rahisi kuliko zote dukani. Ina chupa moja, bei moja, na ile mistari myeusi ya kuskani. Pesa nyingi hupotea kwenye vitu visivyo na mistari hiyo.

Chukua gunia la sukari la kilo 50. Ukilipima robo robo, unatarajia robo 200. Sasa tuseme mkono wa anayepima ni mzito kidogo, na kila robo inatoka na gramu 260 badala ya 250. Gunia litaisha ukiwa umeuza robo 192 tu. Nane zimepotea. Ukiuza robo kwa shilingi 40, hizo ni shilingi 320, na kwa maduka mengi hiyo ni sehemu kubwa ya faida ya gunia zima.

Mwisho wa mwezi pesa hazitoshi, na wa kwanza kulaumiwa ni keshia. Anakatwa mshahara au anafutwa kazi, na hajaiba hata peremende. Ndiyo maana tunawaambia wateja wetu hivi: mfumo unaofaa ni ule unaokuonyesha kilichopotea kimepotelea wapi.

Mpe muuzaji bidhaa zako ngumu

Kabla ya kulipa chochote, mwombe muuzaji aingize bidhaa kumi unazochagua wewe. Usimwachie achague. Hakikisha hizi zimo:

- Sukari au mchele wa kupima. Ukiuza robo, je, stoki ya gunia inapungua kwa robo?
- Unga. Unanunua bale la pakiti 12, unauza pakiti moja moja. Je, mfumo unajua bale moja ni pakiti 12?
- Mayai. Trei ina 30, na mawili yamevunjika njiani. Utayaandika wapi?
- Sabuni ya mche inayokatwa vipande.
- Maziwa na mkate, ambavyo huharibika. Je, utaona ni ngapi zilitupwa wiki hii?

Akianza kusema "hiyo tutaiongeza baadaye", mwambie arudi hiyo baadaye ikifika.

Pesa taslimu, simu na deni

Mteja amenunua vitu vya shilingi 850. Anatoa 500 mkononi, anakwambia zingine anatuma kwa simu. Mfumo unafaa kukubali malipo hayo mawili kwenye risiti moja. Jioni uone kando kando: pesa za kwenye droo, pesa za kwenye till, na pesa zilizo nje kwa deni.

Angalia deni kwa makini. Mama aliyechukua unga Jumatatu akilipa Ijumaa, hayo si mauzo mapya. Mfumo ukiyahesabu mara mbili, utadhani biashara inakua kumbe unazungusha pesa ile ile.

Kwa malipo ya simu, uliza kama mfumo umeunganishwa na till yako. Ukiwa umeunganishwa, keshia anaingiza nambari ya mteja, mteja anapata ombi la kulipa kiasi kamili, anaweka PIN yake, na mauzo yanafungwa pesa zikishaingia. Usipounganishwa, keshia anabonyeza tu "amelipa" akiwa ameona ujumbe kwenye simu ya mteja. Ujumbe wa uongo ni rahisi kutengeneza. Mzigo usitoke dukani kabla pesa hazijaonekana upande wako.

Till isajiliwe kwa jina lako au la biashara yako, kamwe isiwe ya muuzaji wa mfumo. Na PIN yako usimpe mtu, hata kama anasema ni ya "kuseti mashine".

Je, unaongea na eTIMS?

Tangu Januari 1, 2024, kwa kawaida KRA haikubali gharama ya biashara isiyo na ankara ya kielektroniki. Kwa hivyo hoteli au shule inayonunua kwako itakudai ankara ya eTIMS yenye PIN yao ya KRA. Usipoitoa, watanunua kwingine. Usitosheke na muuzaji akisema "iko sawa". Aitoe ankara moja mbele yako, na uangalie jina la mfumo wake kwenye orodha ya KRA ya waliothibitishwa.

Kama umesajiliwa kwa VAT, angalia pia kama kila bidhaa inaweza kuwekewa kiwango chake. Unga wa mahindi na mkate wa kawaida hazitozwi sawa na sabuni, ambayo hulipiwa asilimia 16.

Stima ikipotea

Zima intaneti wakati wa majaribio, kisha uza vitu vitatu. Washa tena uone kama mauzo yote matatu yameingia. Muuzaji akikataa jaribio hili, umeshapata jibu.

Halafu piga hesabu ya mwaka mzima: vifaa, malipo ya kila mwezi mara 12, karatasi za printa, mafunzo, na ada ya fundi akiitwa. Mfumo unaotolewa bure wakati mwingine ndio ghali zaidi. Uliza pia: nikiamua kuhama, nitaondoka na orodha ya bidhaa, mauzo na madeni yangu? Jibu liwe kwenye maandishi.

Si lazima kila duka liwe na mfumo

Kama uko peke yako kwenye kibanda chenye bidhaa chache, daftari safi na till vinaweza kukutosha kwa sasa. Ankara za eTIMS unaweza kuzitoa kwa simu ya kawaida kupitia *222#. Mfumo unaanza kukulipa pale ambapo mtu mwingine anauza ukiwa haupo, au bidhaa zimekuwa nyingi kuliko kichwa kinavyoweza kushika.

Wiki hii, kabla ya kumpigia muuzaji yeyote, chukua robo tano za sukari zilizokwisha kufungwa dukani kwako na uzipime upya. Ukijua tatizo lako ni mizani, ni deni au ni droo, utajua pia ni mfumo gani wa kununua.